Betri Iliyopimwa kwa Shairi

Wiki iliyopita mliniacha Qurum, ukumbini kwa Bwana Hamood, nimesimama katikati ya zulia, mkono juu, nimetoka kulisifu gari lake kwa beti sita ambazo hakuniomba.

Aliyechelewa nimpe kwa ufupi. Mimi ni Thabit, mzaliwa wa Unguja, karani wa bima hapa Maskati, mtaa wa Al Khuwair, mshairi niliyejifundisha mwenyewe. Nampenda Khulood binti Hamood. Khulood ananipenda, hilo nina ushahidi. Tatizo ni baba yake. Mpaka sasa nimeshamwagia kahawa kanzu yake, nimemfungia paka wake nje ya geti katikati ya jua, na dada yake nimemwita bibi.

Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, viti viwili, umri wake sawa na wangu. Bwana Hamood alilinunua ujanani na hadi leo hulifunika shuka kama mtoto mwenye homa. Tangu joto lianze halijawaka. Betri imekufa.

"Ijumaa nna wageni," aliniambia nilipomaliza beti zangu, tena mbele ya watu. "Muatasim na mwanawe Yazan. Yule injinia. Nnataka gari liwake walione. Sasa nyie washairi, mnaweza kufufua maiti kwa maneno?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda.

"Betri kitu gani, ammi? Niachie mimi. Ijumaa litanguruma mpaka walisikie baharini."

"Likinguruma, ntakusikiliza haja yako, maana najua unayo," akasema. "Lisipowaka, mlango wa kutokea unaujua."

Kila mtu pale alijua Muatasim na mwanawe wanakuja kwa jambo gani. Mtu hamvalishi mwanawe joho akamvusha mji mzima aje kunywa kahawa tu. Wanakuja kumposa Khulood. Nilikuwa na betri moja ya kuwazuia.

Usiku huo huo Khulood akaniandikia kwenye simu: "Thabit, unajua mambo ya betri?"

"Najua kila kitu kinachonguruma."

"Betri haingurumi, Thabit. Betri inakaa kimya."

Nikazima simu. Mwanamume hajibu kila kitu.

*

Siku ya pili nikaenda kupima. Gari lile betri yake haiko mbele chini ya boneti kama magari ya watu wote. Iko nyuma, ndani ya buti, imekaa kwenye kishimo chake kama yai kwenye kikombe.

Shangazi yangu, Bi Rahila, ndiye aliyenipeleka kwa gari lake, kwa kuwa langu lilikuwa limezuiwa. Hilo mlilisoma wiki mbili nyuma, msinikumbushe.

"Shangazi, tuitoe hii mbovu tuende nayo dukani, tutoe mfano wake."

Akaitazama betri ile. Ilikuwa imetoa povu jeupe kichwani kama maziwa yaliyochacha.

"Asidi hiyo uitie gari yangu? Juu ya viti vyangu vya ngozi? We mwana, wazimu?"

"Basi nitaipima."

"Piga picha kwa simu, twende zetu. Jua hili."

Picha! Nikamtazama kwa huruma. Mtu mwenye kichwa kama changu apige picha? Wazee wetu waliweka nasaba, vita na mahari kwenye mashairi, na hawakusahau neno. Mimi nishindwe kuweka betri?

Nikaweka shibiri yangu, nikaweka kiganja, nikatazama vichwa vyake viwili vya kufungia waya, chanya na hasi. Hapo hapo, jasho likinitiririka mgongoni, nikatunga ubeti. Mstari wa mwisho ulinisumbua kidogo. Nikautengeneza, ukakaa vizuri.

"Ushamaliza kuzungumza na buti?" akauliza Bi Rahila.

"Nimemaliza. Yote yako hapa." Nikagusa paji la uso.

"Mungu atuhifadhi," akasema, akawasha gari.

*

Ghala, mtaa wa mafundi, ni gereji juu ya gereji, na kila gereji ina mtu wa kukushika mkono. Aliyetushika sisi alikuwa kijana wa Mbeya, shati limeandikwa jina lake kifuani, sauti kama ya muuza mtumba.

"Karibu kaka! Karibu mama! Mimi Godson, daktari wa betri, Ghala nzima wananijua. Mgonjwa gani leo?"

"Gari la spoti," nikasema. "La zamani. La thamani."

"La kwako?"

"La mkwe wangu."

Bi Rahila akakohoa.

Kabla sijafungua mdomo tena, shangazi alikuwa ameshaingia ndani, anazigonga betri kwa kidole moja baada ya moja, kama anachagua mafenesi. Akasimama mbele ya iliyo kubwa kuliko zote.

"Hii."

"Mama, hiyo ya lori," Godson akasema.

"Sasa lori halina nguvu?"

"Mama, kishimo cha gari lile ni kidogo, hii haiingii hata kwa kuiombea dua. Halafu sikiliza. Betri ikikaa kwenye buti, iko nyuma ya mgongo wako, ndani ya gari. Lazima iwe ile iliyozibwa, na hewa yake mbaya itoke nje kwa kijimpira. Ukiweka hizi za kawaida utavuta moshi wa asidi mpaka ufike Sohar unaona nyota."

"Na hiyo iliyozibwa, ya lini?" Bi Rahila akakaza macho. "Isije ikawa imelala dukani mwaka mzima. Joto la hapa linapika hata kabati."

Godson akampigia makofi. "Mama unajua kununua! Wateja wote wanauliza bei, hakuna anayeuliza tarehe." Akaipindua moja, akafuta vumbi, akaonyesha tarehe. "Mbichi hii. Imekuja juzi."

"Nilikuwa nanunua samaki we hujazaliwa," shangazi akasema, akajifunga mtandio upya.

Nikaona heshima ya siku inakwenda kwa mwingine. Nikajisogeza mbele.

"Haya kaka," Godson akanigeukia. "Vipimo. Picha unayo?"

"Picha ya nini? Nina shairi."

"Una nini?"

Nikarudi hatua nyuma, nikainua mkono.

"Shibiri vidole vine, urefu umetimia,
Upana, usibishane, kiganja kinafikia,
Na tundu usiione, juu kumezibwa pia,
Na chanya, ni nguzo nene, kwa mkono wa kulia."

Godson akaangua kelele.

"Wee! Kaka! Rudia!"

Nikarudia. Wahindi wawili waliokuwa wakibadilisha tairi wakasimama kusikiliza, na hawakuelewa hata neno, wakapiga makofi. Mwenye duka la jirani akatoka na glasi yake ya chai. Nikarudia mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya kuimba. Sijawahi kupata hadhira kama ile, hata msibani.

"Shibiri sawa, kiganja sawa," Godson akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Lakini kaka, plasi kulia? Una uhakika? Hizi zipo za namna mbili, plasi kulia na plasi kushoto, na waya za vigari hivi ni fupi. Magari mengi ya aina hiyo mimi nayaona kushoto."

Hapo akanikosea.

"Unalisahihisha shairi langu?"

"Hapana kaka, nauliza tu."

"Shairi haliulizwi!"

"Khalas, khalas," akainua mikono. "Kulia iwe kulia. Ila ukishaondoka nayo hairudi, mwenye duka ni mkali."

"Mimi sirudishi kitu," nikasema.

Nikaibeba betri ile mwenyewe mpaka kwenye gari. Ilinivunja kiuno, lakini watu walikuwa wanatazama.

*

Ikaingia kwenye kishimo kama imezaliwa mle. Shibiri sawa. Kiganja sawa. Nikatabasamu. Nikachukua waya mwekundu niufunge kwenye chanya.

Haukufika.

Nikauvuta. Ukabaki vidole vitatu nyuma, umenyooka kama kamba ya nguo. Waya mweusi ndio uliofika, tena kwa raha zake, mahali pasipo pake.

Nikaigeuza betri. Sasa vichwa vyote viwili vikaenda ukingo wa mbele, na waya zote mbili zikabaki nyuma zinanitazama.

Nikaigeuza tena. Nikaketi chini kwenye kivuli cha gari, nikausoma ubeti wangu polepole, neno kwa neno, mpaka nikafika mwisho wa mstari wa nne.

Na hapo ndipo nilipokumbuka.

Chanya ya betri ile mbovu ilikuwa kushoto. Niliiona kwa macho yangu. Lakini kushoto ningeifanya nini? Timia, fikia, pia, halafu kushoto? Ubeti mzima ungevunjika shingo. Basi nikaandika kulia kichwani, nikajiambia: nitakumbuka mwenyewe kwamba pale penye kulia maana yake kushoto.

Wasomaji, makofi ya Ghala ndiyo yaliyonisahaulisha.

"Tabibu!" Sauti ya Bwana Hamood, asiyelipatia jina langu hata siku moja, ikatoka dirishani juu. "Vipi? Tayari?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasikia mdomo wangu unajibu:

"Tayari, ammi!"

"Liwashe basi nilisikie!"

"Lipumzike, ammi! Betri mpya hailiwashi gari siku ile ile! Inaoteshwa kwanza!"

Akachungulia, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Ijumaa."

Nikafunga buti taratibu kama nafunika maiti.

Njiani nikamwambia Bi Rahila kila kitu. Alicheka mpaka akalazimika kusimamisha gari ukingoni, malori yanatupigia honi. Alipokwisha kucheka akajifuta macho, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Niachie mimi," akasema.

Nilidhani anakusudia kuniombea dua.

*

Ijumaa baada ya alasiri ukumbi ulijaa. Bwana Hamood juu, Muatasim ubavuni kwake, mtu wa Nizwa mwenye mwili wa kutosha watu wawili. Baba yake alikuwa na duka Pemba, kwa hiyo Kiswahili anakisema vizuri kuliko waliozaliwa nacho. Mwanawe Yazan walimkalisha kando yangu. Kijana mpole, mrefu, ananukia. Nilitafuta kwake kitu cha kuchukia nikakosa, na hilo likanichukiza zaidi.

Mimi nilikaa karibu na mlango. Mlango wa kutokea, ule ninaoujua.

Halua ikapita. Kahawa ikamiminwa. Muatasim akapokea kikombe chake, akakitazama, akakiweka chini. Hakunywa.

Watu wote wakakigeukia kikombe kile.

Nyinyi mlioko Unguja na Mrima huenda hamlijui hili. Wenzetu wa huku, mgeni mwenye haja kubwa hainywi kahawa ya mwenyeji. Huiweka chini, akangoja. Na mwenyeji muungwana hawezi kuiacha kahawa yake ipoe mbele ya mgeni. Atasema kunywa, haja yako imekubaliwa. Na akishasema, amesema. Harudi nyuma, hata angetakiwa jicho.

Nikautazama mlango wangu. Bwana Hamood uso ukamng'aa. Jambo hili alikuwa akilingoja mwaka mzima.

"Muatasim, ndugu yangu! Kunywa kahawa yako. Haja yako imepita, hata hujaitaja!"

"Wallahi?"

"Wallahi! Kunywa!"

Muatasim akainua kikombe, akakimaliza kwa funda moja, akajifuta masharubu.

"Allah akuweke. Basi, Hamood, nnataka lile gari lako jekundu."

Nilisikia kijiko cha halua kikianguka sahanini. Kilikuwa cha Bwana Hamood.

"Gari?" akasema.

"Tangu tukiwa vijana, Hamood, ulipokuwa ukipita nalo mbele ya nyumba yetu huku unapiga honi. Sijalala vizuri tangu siku ile. Bei sema wewe."

Yazan akaniinamia, akaninong'oneza: "Mimi nilidhani tumekuja kuposa."

"Na mimi," nikasema.

Bwana Hamood alikuwa rangi ya jibini. Muatasim akamwonea imani.

"Lakini nna sharti moja la nyumbani kwangu," akaongeza. "Mama Yazan ameniapisha: gari bovu jengine lisiingie uani, yako matatu. Kwa hiyo liwake mbele ya macho yangu. Likiwaka, linaondoka na mimi leo. Lisipowaka, nimekusamehe, na hatulitaji tena mpaka kufa."

"Hapana neno," akasema Bwana Hamood kwa sauti nyembamba. "Hapana neno. Mniwie radhi kidogo. Tabibu! Njoo unisaidie kutazama kahawa."

Akanivuta mpaka kwenye ukumbi mdogo wa jikoni. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Thabit, mwanangu."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hata jina langu bila kulikosea.

"Betri umeitia?"

"Nimeitia, ammi."

"Gari litawaka?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie kweli. Najua wewe hodari, ulijisifu, lakini..."

Wasomaji, mimi ni mtu wa kiburi. Kwa miaka yote hii sijasema mbele ya mtu neno nimeshindwa. Siku ile nililisema kwa furaha, kama bwana harusi anayesema nimekubali.

"Haliwaki, ammi! Nimeshindwa! Nimenunua betri ya kichwa upande mwengine. Waya haufiki. Haliwaki leo, haliwaki kesho!"

"Alhamdulillahi!" Akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. "Hufai kitu, mwanangu! Allah akubariki! Wallahi, gari likikataa kuwaka leo, kesho mlete shangazi yako tuzungumze lile jambo lako. Hujui kuwa nnajua? Nnajua! Mlete!"

"Na Yazan?"

"Baba yake kala haja yake kwenye gari. Hana nyengine."

Nikarudi ukumbini natembea kama mtu aliyepewa wilaya. Betri ile niliyoilaani siku nzima sasa niliiona ni ya heri. Kulia, kulia! Kichwani ulikuwa umeshaanza ubeti mpya, wa kushukuru, na vina vyake vilikuja vyenyewe.

"Haya," Muatasim akasimama, akajikung'uta joho. "Tukalijaribu."

"Tukalijaribu," akasema Bwana Hamood, sauti imerudi. Alikuwa hata akitabasamu. "Thabit wetu ndiye aliyelitia betri. Fundi wetu huyu. Mtaona kazi yake."

Tukavaa viatu. Tukatoka wote uani, mimi mbele, kidevu juu.

Shuka lilikuwa limeshaondolewa.

Na kabla sijajiuliza nani aliyeliondoa, gari likanguruma.

Halikukohoa wala kusitasita. Lilinguruma kama siku lilipotoka dukani, njiwa wa jirani wote wakaruka, paka wa Bwana Hamood akapanda ukuta. Muatasim akaweka mikono yote miwili kifuani.

"Allahu akbar," akasema, na machozi yakamtoka.

Nyuma ya usukani alikuwa Khulood. Kiti cha pili alikuwa Bi Rahila, miwani nyeusi usoni, anapunga mkono kama bibi harusi.

"Kazi ya Thabit hii!" shangazi akapaza sauti ua mzima usikie. "Kwa mikono yake mwenyewe! Nani alisema mwanangu hajui betri?"

Nikakimbilia dirishani. Khulood akaniinamia, anacheka, macho yanang'aa.

"Tumeibadilisha jana, mimi na shangazi," akaninong'oneza. "Godson alikataa, shangazi akakaa mlangoni mwa duka mpaka akakubali. Nimekuokoa, Thabit. Baba atakupenda sasa."

"Zima," nikasema.

"Nini?"

"Khulood, zima! Zima!"

Akazima. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Bwana Hamood vinakuja taratibu, na sauti yake, ile ya zamani, ile inayokosea jina langu.

"Tabibu. Uliniambia waya haufiki."

"Kijana!" Muatasim naye akafika, ananipiga bega. "Mikono yako ni ya dhahabu! Hamood, neno lako?"

Bwana Hamood hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi.

Khulood akamtazama baba yake, akamtazama Muatasim, akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akauchomoa ufunguo. Akautoa nje ya dirisha, unaning'inia kidoleni.

"Baba," akauliza. "Nimpe nani?"

Mikono mitatu ikanyooshwa kwa pamoja. Mmoja wa Muatasim. Mmoja wa Bwana Hamood.

Wa tatu, na mpaka leo sijui nani aliyeutuma, ulikuwa wangu.